Wosia wa Sir John Fastolf: ardhi ilimwendeaje mtu asiye wa ukoo?

Swali
Ndugu wasomaji, Sir John Fastolf, askari aliyetajirika katika vita vya Ufaransa, alifariki Caister, Norfolk, tarehe 5 Novemba 1459 bila kuacha mtoto. Mwanasheria wake, John Paston, alidai kwamba siku mbili kabla ya kufa mzee huyo alimwachia kwa mdomo ardhi yake yote ya Norfolk na Suffolk, kwa sharti la kulipa maki 4,000 (maki ilikuwa kipimo cha fedha cha wakati ule) na kuanzisha Caister nyumba ya mapadri saba wa kumwombea. Ninavyofahamu, sheria ya Uingereza wakati ule haikuruhusu kurithisha ardhi kwa wosia. Dai hilo lilisimama juu ya nini?

Jibu la kwanza
Unavyofahamu ni sahihi. Wosia, ambao ulithibitishwa katika mahakama ya Kanisa, ulihusu fedha, vyombo na mifugo. Ardhi kwa kawaida ilimwendea mwana wa kwanza, na pasipokuwa na mwana, mabinti waligawana sawa, huku mjane akitumia theluthi moja hadi kufa kwake. Hata hivyo, mwenye ardhi aliweza kuihamisha angali hai kwa wadhamini kadhaa, wakawa wamiliki mbele ya sheria, naye akaendelea kula mapato yake na kuwaagiza wampe nani baadaye. Wadhamini hawakufa wote kwa pamoja, hivyo bwana wa juu (mfalme au mkuu ambaye ardhi ilishikwa chini yake) hakupata nafasi ya kumweka mrithi mdogo chini ya ulinzi wake na kuvuna mashamba yake. Ardhi ya Fastolf ilishikwa kwa namna hiyo.

Jibu la pili
Naongezea kwamba udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa wadhamini wenyewe. Jaji William Yelverton, mmoja wao, na wenzake waliukataa wosia huo wa mdomo, wakamuuzia Mtawala (Duke) wa Norfolk ngome ya Caister mwaka 1468, naye akaizingira mwaka uliofuata kwa kuwa akina Paston hawakuondoka. Linalonihuzunisha ni sala za marehemu: kwa mapatano ya 1470 na Askofu William Waynflete, mali iliyokusudiwa mapadri wa Caister ilielekezwa Magdalen College, Oxford, chuo alichokianzisha askofu huyo. Akina Paston waliirudisha ngome mwaka 1476, baada ya Mtawala kufariki.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, ni lini wosia wa ardhi ulihalalishwa?

Jibu la kwanza
Mwaka 1540, chini ya Henry VIII, miaka minne baada ya yeye kuubana utaratibu wa wadhamini uliokuwa ukimkosesha mapato. Hata hapo, aliyeshika ardhi kwa sharti la utumishi wa kijeshi aliruhusiwa kuusia theluthi mbili tu.