Naomba ushauri: malazi nafuu Diani baada ya kushuka meli Mombasa

Habari zenu wadau. Natafutia malazi watu wazima wawili na watoto wawili (miaka 6 na 9) watakaoshuka meli ya kitalii bandarini Mombasa Ijumaa asubuhi, katikati ya Januari. Jumatatu alasiri wanapanda treni ya SGR Miritini kurudi Nairobi. Bajeti ni shilingi 7,000 kwa usiku, ikiwezekana nyumba yenye jiko.

Nimependelea Diani, kusini mwa Mombasa, kwa mchanga wake, lakini mizigo inanitia wasiwasi. Feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi, ila kupita kwenye ule umati na mabegi manne huku umeshika watoto ni kazi, halafu bado kuna matatu hadi Ukunda na tuktuk hadi ufukweni. Teksi ya kupitia barabara ya Dongo Kundu inakwepa feri. Siku hizi wanatoza ngapi?

Nyumba za upande wa bara wa barabara ya Diani huwa nafuu kuliko zilizogusa bahari. Je, ipi iko karibu na njia ya umma ya kushukia ufukweni? Bila njia hiyo watazunguka kwenye malango ya hoteli.

Pia, nani anapokea mabegi mapema? Vyumba vingi hufunguliwa saa nane mchana, na meli hushusha watu asubuhi.

Tafadhali mkitaja bei, semeni ni ya chumba au ya kila kichwa, na kama maji ya bomba ni ya chumvi. Nyali na Bamburi (upande wa kaskazini, bila feri) nitazikubali pia, kama tofauti ya gharama ni kubwa.