Mjuaji wa filamu kanisimamishia picha katikati aniulize kama naelewa!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Jina sitaji, mnamjua. Yule ambaye ukisema "steringi" anakunja uso kama kakanyaga msumari.

Leo katuwekea Jeanne Dielman, ya Ubelgiji, 1975. Dakika 201 mama anamenya viazi. Katukumbusha pia kuwa wahakiki wa jarida la filamu la Sight and Sound waliipa namba moja kwa filamu bora za wakati wote 2022, kana kwamba ameitengeneza yeye. Nikasema sawa, vimenywe. Nikatulia, sijakoroma. Siku ya pili ya humo ndani ya filamu mama kaivisha viazi kupita kiasi, hajui avipeleke wapi, na mimi roho juu kabisa. Mara jamaa AKASIMAMISHA FILAMU. Akawasha taa. Akanigeukia mimi, kati ya watu wote: "Unaelewa lakini? Maana wewe umezoea za mabomu."

Alisimamisha filamu jamani! Nilikuwa na wasiwasi na viazi! Tangu nizaliwe naangalia za ngumi, sijawahi kupewa mtihani katikati. Na taa kaiacha inawaka. Taa!

SteringiHafi: Pole mkuu, ila kubali tu viazi vimekushinda.

MpendaKutisha: Mwambie Halloween ya 1978 nayo ni filamu huru, haikutoka studio kubwa, na ni jamaa mwenye kisu anafukuza wasichana. Wao wanadhani filamu huru lazima mtu alie dirishani.

Mleta uzi: Ningemwambia saa ngapi? Picha imesimama, taa inawaka, wote wananitazama mimi!

BiMkubwa: Afadhali wako anasimamisha. Wangu anasimulia. "Huyu sasa hivi anakufa." Na kweli anakufa.

KitiChaMbele: Msimuliaji ana nafuu. Kuna hawa wa kuwasha simu gizani, uso mzima unang'aa.

SteringiHafi: Na wanaoondoka majina yakianza kupanda, kesho wanauliza kile kipande cha mwisho kilikuwaje.

BiMkubwa: Majina nani anasoma?

KitiChaMbele: Mimi nasoma. Una shida?

BiMkubwa: Hata la dereva?

KitiChaMbele: HASA la dereva.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Alisimamisha filamu.

SteringiHafi: Kwani mama wa viazi aliishia wapi?

Mleta uzi: Nitajuaje? Niliondoka kwa hasira!

BiMkubwa: Wangu keshanisimulia. Kuna mkasi.

Mleta uzi: BI MKUBWA!!!

MpendaKutisha: Kumbe ina mkasi? Si mngesema mapema. Naipata wapi hiyo?