Timu imeanza 0-3 na tiketi za msimu tumeshalipia: tuuze au tuvumilie?

Mnyamwezi wa Ohio (24 Septemba 2024)

Wakuu, habari za huko mliko. Naombeni ushauri, na wale wa kuniambia nirudi kwenye soka naomba wapite kimya kimya.

Naishi Cincinnati, mwaka wa tisa sasa. Huu mpira wao wa kushika mkononi miaka mitatu ya mwanzo sikuuelewa hata chembe. Watu wanaangushana, filimbi inalia, tangazo la bia, wanaangushana tena. Aliyenifundisha ni kijana wangu, sasa ana miaka 11. Februari 2022 Bengals, timu ya hapa, walipofika Super Bowl, fainali ya ligi yao, wakafungwa na Rams 23-20, alilia mpaka akalala na jezi mwilini. Tangu siku hiyo na mimi nimenasa.

Mwaka huu shemeji yangu, kaka wa mke, akaja na wazo la kununua tiketi mbili za msimu mzima, tuchangie nusu kwa nusu. Mechi za nyumbani ni 8: nne za kwake, nne zangu na dogo. Kiangazi chote nimepiga zamu za ziada kazini ili nitoe fungu langu.

Sasa oneni hiyo 0-3, yaani ushindi sifuri, kupoteza tatu. Mechi ya kwanza tulicheza na Patriots, timu ambayo kila mtu alisema ni mdebwedo, wakatufunga 16-10 hapahapa kwetu. Ya pili kwa Chiefs, 26-25, mkwaju wa sekunde ya mwisho. Jana usiku Commanders, 38-33, na hiyo nilikuwepo uwanjani na dogo. Kwotabeki wao, yaani mrusha pasi wa timu, Jayden Daniels, ndiyo kwanza mwaka wake wa kwanza kwenye ligi, alirusha pasi 23 zikashikwa 21. Ulinzi wetu haukuwalazimisha kupiga panti hata mara moja! Tumerudi kwenye gari hakuna anayeongea.

Leo asubuhi shemeji kanipigia. Anataka tuuze mechi zote sita zilizobaki, tena wiki hii, kabla wanunuzi hawajashtuka. Anasema tukifika 0-5 hizo tiketi tutafungia maandazi. Mke yuko upande wa kaka yake. Dogo hajaambiwa. Zangu zilizobaki ni Ravens, Browns na Broncos. Za shemeji ni Eagles, Raiders na Steelers.

Nifanyeje?

Babu Kipara

Pole sana kijana. Niko Muscat huku, mchezo wenyewe siujui. Ila hapo kwenye "kupiga panti" nimesoma mara tatu na bado nina mashaka na malezi ya hiyo timu.

Mnyamwezi wa Ohio

Hahaha babu, shikamoo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikikwama kwenye la tatu, kwa kawaida inaupiga mpira kwa mguu uende mbali, ili adui aanzie huko nyuma. Hiyo ndiyo panti. Kwa hiyo adui asipopiga panti usiku kucha, ujue hukumzuia kitu.

Wa Kiambu Dallas

Pole ndugu, lakini si wewe peke yako. Sisi huku Dallas Saints walitupiga 44-19 nyumbani, na juzi Jumapili Ravens wakaja wakatuongeza 28-25. Mashabiki wanazomea kama wamelipwa.

Wacha nikuambie, usiuze. Cowboys wetu wa 1993 walianza 0-2 kwa sababu mkimbiaji wao Emmitt Smith alikuwa amekaa nyumbani akigombania mkataba. Mwenye timu, Jerry Jones, akasalimu amri, Smith akarudi, na mwisho wa msimu kombe likaja hapa. Giants wa 2007 nao walianza 0-2, kisha wakawafunga Patriots 17-14 kwenye fainali, Patriots ambao walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza. Na hao Patriots wenyewe mwaka 2001 walianza 0-2, tena kwotabeki wao Drew Bledsoe akaumizwa vibaya katika hiyo mechi ya pili. Aliyeingia badala yake ni kijana mmoja aitwaye Tom Brady. Msimu huo wakachukua kombe.

Chifu wa Kansas

Nawasalimia kwa jina la 3-0. Ule mkwaju wa mpigaji wetu Butker niliufurahia sana. Uza tu mkuu, ununue koti la baridi.

Kobe Mwendapole

Mkuu wa Dallas, mifano yako yote ni ya 0-2. Huyu bwana ana 0-3, na hapo pana mto na mamba wake. Tangu 1990 hadi 2023 timu zilizoanza 0-3 zikaingia kwenye mtoano ni nne tu: Chargers wa 1992 (hao walifika hadi 0-4, wakamaliza 11-5), Lions wa 1995, Bills wa 1998 na Texans wa 2018, walioshinda tisa mfululizo baada ya kupoteza tatu. Ligi ina timu 32, mtoano unabeba 14, mechi ni 17 tu. Kwenye soka ukipoteza tatu kati ya 38 bado hujavua hata viatu. Huku kila Jumapili ni kama wiki mbili na zaidi za ligi ya Uingereza.

Ndiyo maana Septemba watu wanachanganyikiwa. Carolina wamemweka benchi Bryce Young baada ya mechi mbili. Mbili! Kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023, pale timu zinapogawana chipukizi. Wakamwingiza Andy Dalton, kwotabeki wenu wa zamani, na juzi kawashinda Raiders 36-22. Sasa niambie, huyo Young akirudi uwanjani atarusha mpira kwa moyo gani?

Lakini mleta uzi, kabla hujauza, angalia mnavyofungwa. Usiku uleule wa Jumatatu Jacksonville nao walifika 0-3, kwa kupigwa 47-10 kule Buffalo. Hao wamekufa, wanasubiri kuoshwa. Nyinyi mmepoteza kwa sita, kwa moja na kwa tano. Kwotabeki wenu Burrow alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono mwishoni mwa mwaka jana, ndiyo kwanza mkono unarudi. Mdaka pasi wenu Ja'Marr Chase Agosti yote alikuwa anawaangalia wenzake wakifanya mazoezi, anadai mkataba mpya. Pointi 33 mlizofunga jana zinaonyesha mashambulizi yameamka. Kinachovuja ni ulinzi, na ulinzi hauzibwi kwa wiki moja.

Tena kuchelewa kuamka kwa hii timu ni ugonjwa wa kurithi. Tangu Zac Taylor apewe ukocha 2019, mechi mbili za mwanzo wa msimu amecheza 12 na kushinda moja tu, ile ya 2021 na Vikings, tena kwa muda wa nyongeza. 2022 walianza 0-2, wakamaliza na ushindi 12 na kufika hatua moja kabla ya Super Bowl. Makocha siku hizi wanaogopa kuwachezesha mastaa kwenye mechi za majaribio za Agosti wasije wakaumia. Zenyewe zilipunguzwa kutoka nne hadi tatu tangu 2021. Timu inafika Septemba haijashikana miguu bado. Wengine wanamudu, Taylor hajawahi.

Ningekuwa wewe ningeuza ya Ravens, maana mashabiki wao wanasafiri na watatoa bei, na ulinzi wenu kwa mkimbiaji wao Derrick Henry sioni mtamzuiaje. Browns na Broncos ningeshika. Desemba hii timu huwa inacheza.

Mama Zuhura

Nimesoma mpaka mwisho, mmeongea mpira tu. Mimi nauliza: makubaliano yenu na shemeji yalikuwa nne kwa nne, sivyo? Basi za kwake auze, agawe, afungie hayo maandazi. Za kwako anaziuzaje? Na mkeo usimtie katikati, yule ni kaka yake, unategemea aseme nini?

Pili, kijana wa miaka 11 amekaa uwanjani Jumatatu usiku, timu yake ikafungwa, na kesho yake ana shule. Halafu baba anauza tiketi bila kumwambia! Muulize. Anaweza kukushangaza.

Maua ya Kivu

Ndugu, mi niko Columbus hapa, ni karibu. Usiuzishe zote. Ile ya Steelers wa Pittsburgh shemeji yako akitaka kuuzisha aniambie, wapwa zangu banaipenda sana hii timu. Kufungwa tumezoea, tumetoka mbali kuliko 0-3.

Wa Kiambu Dallas

@Kobe Mwendapole umeongea ukweli, nimenyamaza. Lakini hapo kwa watu kuchanganyikiwa Septemba unisikilize: 2014 Packers walianza 1-2, Wisconsin nzima ikalia, Aaron Rodgers akaenda redioni akawaambia watu watulie, akalitamka hilo neno herufi moja moja kama mwalimu wa chekechea. Wakamaliza 12-4. Kuna mtu wa kusema hivyo Cincinnati?

Kobe Mwendapole

Yupo. Ila Burrow hakabi.

Mnyamwezi wa Ohio (9 Oktoba 2024)

Wakuu, mrejesho mfupi.

Nilimuuliza dogo. Akachukua daftari, akaniandikia: "Ravens uza, Browns baki, Broncos baki." Kumbe sawasawa na Kobe. Sikumwambia.

Nikauza ya Ravens, na bei ilikuwa nzuri kweli. Shemeji kauza zake zote tatu. Ya Steelers kachukua Maua ya Kivu. Sasa Jumapili hiyo ya Ravens ndiyo imekuwa mechi ya mwaka: 41-38, muda wa nyongeza. Burrow karusha tachidauni tano, yaani pasi tano za kufunga. Sisi tuko sebuleni. Kwenye nyongeza tungeimaliza kwa mkwaju wa yadi 53, mshikaji, yule anayemsimamishia mpigaji mpira, akaushika vibaya, mpigaji wetu McPherson akakosa. Henry akapewa mpira mara moja, akakimbia yadi 51, wakamalizia kwa mkwaju, basi. Nilishindwa kujua nifurahie pesa au nilie.

Tuko 1-4. Huko New York, Jets wamemfukuza Robert Saleh jana wakiwa 2-3. Mwenzetu ana ushindi mara mbili yetu, kafukuzwa. Hapa Taylor bado yupo, mwenye timu wetu hana papara. Mimi sijui kama hilo ni jema.

Babu Kipara

Mshikaji akishika vibaya ni kosa la mpigaji? Mchezo wa dhuluma huu.

Chifu wa Kansas

5-0. Napita tu.

Mnyamwezi wa Ohio (7 Januari 2025)

Mrejesho wa mwisho, niliahidi.

Mpaka tarehe 1 Desemba tulikuwa 4-8. Siku hiyo Steelers walitufunga 44-38, na Maua ya Kivu alikuwepo, pole sana ndugu. Eagles walishatupiga 37-17, kwa hiyo shemeji akawa ananitumia vikatuni vya kucheka. Mechi pekee aliyojutia ni ya Raiders, tulishinda 41-24.

Halafu ikaja ile ya Dallas. Wa Kiambu, nisamehe, lazima niisimulie kwa ajili ya babu. Dakika za mwisho 20-20, sisi tunapiga panti, Cowboys wanaizuia! Mpira wao, mchezo wao. Mchezaji wao mmoja akaugusa ule mpira badala ya kuuacha, ukawa huru, sisi tukaulalia. Punde Chase kakimbia nao yadi 40 hadi ndani, 27-20. Babu, panti ndiyo ilituokoa.

Kuanzia hapo hatukupoteza tena. Titans 37-27. Browns 24-6, tulikuwepo. Broncos tarehe 28 Desemba, tulikuwepo: nyongeza tena, mkwaju wetu ukagonga mwamba, nikasema haya ni ya Ravens yanajirudia. Mwisho Tee Higgins akadaka tachidauni ya tatu yake siku hiyo, 30-24. Dogo sauti ilikauka siku mbili, akawa anaongea na mama yake kwa ishara. Kisha Steelers kwao, 19-17. Tumemaliza 9-8.

Yakabaki mambo mawili: Jumapili Jets wawafunge Dolphins, na Chiefs wawafunge Broncos. Jets walifanya kazi yao. Chiefs walikuwa wameshajihakikishia nafasi ya kwanza, wakapumzisha wakubwa wote. 38-0. Broncos wakaingia, sisi nje.

Burrow kamaliza akiongoza ligi nzima kwa yadi na kwa tachidauni, 43. Chase kaongoza kwa yote matatu: mipira 127, yadi 1,708, tachidauni 17. Na mechi nne tumepoteza tukiwa tumefunga pointi 33 au zaidi. Moja tu kati ya hizo ingetosha, maana Broncos tuliwafunga wenyewe. Kocha wa ulinzi, Lou Anarumo, ameshafukuzwa. Dogo bado anaitaja ile ya Patriots ya Septemba kila tukikaa mezani.

Chifu wa Kansas

Mkuu, ile 38-0 hata mimi niliona aibu. Niliwatakieni mema, kweli.

Mama Zuhura

Na shemeji je, mmepatana?

Mnyamwezi wa Ohio

Tumepatana. Jana kaja kula hapa na mpango wa mwakani keshaandika kwenye karatasi: tununue tena, za Septemba tuuze zote, za Desemba tugombanie.