Mhadhiri mpya Mtwara: nianzie wapi kujifunza kufundisha na kupanga kozi?

Msaidizi_Shangani (Mtwara):

Habari za kazi, walimu wenzangu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mtwara. Nimepangiwa kozi ya Mbinu za Utafiti kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, darasa lenye watu wasiopungua mia mbili. Niliajiriwa, kama wengi wetu, kwa sababu ya ufaulu wa shahada. Somo lenyewe nalijua, lakini sikusomea ualimu na hakuna aliyewahi kunionyesha namna ya kulifundisha. Muhtasari niliokabidhiwa una mada kumi na nne, na kila muhula tunafika ya kumi huku tukikimbizana na mitihani. Wanafunzi wanaandika kila ninachosema, wanakariri, wanafaulu, kisha wakifika kwenye andiko la utafiti la mwaka wa tatu hawawezi kuchagua sampuli (watu wachache wa kuwakilisha kundi zima) wala kutunga swali la dodoso linaloeleweka. Jambo hilo linaniumiza sana, kwa sababu ni watoto wenye akili na wanajituma.

Tuliwahi kuletewa semina ya siku moja kuhusu ufundishaji shirikishi. Mwezeshaji alitusomea slaidi kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, tukapewa vyeti, na kesho yake kila mtu akarudi darasani kama alivyokuwa. Ninachoomba kujua ni hiki: mtu mwenye kozi mkononi na darasa kubwa, asiye na nafasi ya kwenda kusomea stashahada ya uzamili ya elimu kwa sasa, aanzie wapi?

Mwalimu_Mikindani:

Pole na kazi, mdogo wangu. Usianze na zile mada kumi na nne. Anza na andiko la mwaka wa tatu hilo hilo linalokuumiza. Jiulize mwanafunzi akitoka kwenye kozi yako ni lazima aweze kufanya nini mwenyewe bila kushikwa mkono, kisha tunga mtihani na kazi za muhula zitakazoonyesha kama anaweza, na mwisho kabisa ndipo upange vipindi. Grant Wiggins na Jay McTighe wa Marekani waliueleza utaratibu huu wa kupanga kozi kuanzia mwisho mwaka 1998, na miaka miwili kabla yao John Biggs, mtaalamu wa elimu ya vyuo, alikwisha kuandika kwamba matokeo yanayokusudiwa, shughuli za darasani na tathmini sharti vivute upande mmoja. Katika mitaala yetu matokeo ya ujifunzaji huandikwa vizuri, maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inayadai, ila mtihani mara nyingi hupima jambo jingine kabisa.

Chukua swali lililozoeleka: "Taja na ueleze aina nne za usampulishaji", yaani njia za kuchagua sampuli. Aliyekariri atapata alama zote. Sasa ligeuze. Chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho huko Tandahimba kina wanachama 600 katika vijiji vinne. Afisa ugani anataka kujua kwa nini wakulima wanachelewa kupuliza dawa ya salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, naye amewahoji watu 40 waliofika kwenye mkutano mkuu. Je, majibu yao yanaweza kuwasemea wanachama wote, na wewe ungewachaguaje watu wa kuwahoji? Hapa mwanafunzi atalazimika kuona kwamba wanaohudhuria mikutano huenda ndio wale wale wanaowahi kupuliza, kwamba kijiji kilicho mbali na mahali pa mkutano kimeachwa nje, na kwamba wanawake wanaohudumia mashamba ya familia pengine hawamo hata kwenye daftari la wanachama. Wengi wa wanafunzi wako wamekulia kwenye mikorosho na mengi ya hayo wanayajua tayari. Kozi haijawahi kuwauliza tu.

Ukishatunga maswali ya namna hiyo, utaona mwenyewe ni mada zipi zinahitaji muda wako ukumbini na zipi mwanafunzi anaweza kuzisoma peke yake. Piga pia hesabu ya saa. Kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 10 ni saa 100. Mkikutana saa tatu kwa wiki, mihadhara na semina pamoja, kwa wiki 15, mtakuwa mmetumia saa 45. Zile 55 zilizobaki ni za mwanafunzi kusoma, kufanya mazoezi na kuandika, nasi wahadhiri mara nyingi hatuzipangii chochote, ndiyo maana tunajikuta tunataka kusema kila kitu sisi wenyewe.

Bi_Nachingwea:

Naungana na kaka wa Mikindani, lakini mtihani ukibadilika peke yake hautatosha. Ukiwashushia swali la Tandahimba mwishoni mwa muhula watu waliozoeshwa kutaja na kueleza, watafeli, na watakuwa na haki ya kulalamika. Lazima walifanye zoezi hilo darasani, wakosee, warekebishwe, kabla halijahesabiwa alama.

Wengi hudhani hilo haliwezekani kwa watu mia mbili. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza miaka ya mwanzo ya 1990 kusimamisha mhadhara na kuuliza swali moja lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi anachagua jibu lake kimya, kisha anajaribu kumshawishi jirani yake kwa hoja, halafu wote wanachagua tena. Kama karibu wote wamepata tangu mwanzo, unaendelea. Kama wengi mno wamekosa, unarudi kueleza. Mjadala unafaa zaidi darasa likiwa limegawanyika. Haihitaji mtandao wala umeme. Wagawie vipande vya manila vyenye herufi A hadi D, wavishike mbele ya kifua ili wasiangaliane, nawe utaona kwa mara moja hali ya ukumbi mzima. Waache wabishane kwa Kiswahili, kwani huko ndiko hoja zao zinakotoka bila kukwama, kisha jibu la mwisho walitoe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho watakachojibia mtihani.

Kwa wenye mashaka, mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 225 za madarasa ya vyuo katika sayansi, uhandisi na hisabati. Palipokuwa na mihadhara ya kusikiliza tu, waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 34 hivi. Palipokuwa na shughuli za wanafunzi, asilimia 22. Utafiti huo haukuhusu kozi kama yako moja kwa moja, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.

Msaidizi_Shangani (Mtwara):

Shikamooni, na ahsanteni sana. Yamebaki mawili yanayonitia wasiwasi. Maswali ya namna hiyo nitayasahihishaje kwa watu mia mbili nikiwa peke yangu? Na je, nina mamlaka ya kupunguza mada wakati muhtasari umeshaidhinishwa?

Mkongwe_Ligula:

Marahaba. Mada usizifute; zimepitishwa na seneti ya chuo na kuziondoa kuna taratibu zake. Lakini mpangilio wa vipindi, mifano, kazi za nyumbani na muda unaoupa kila mada, hayo kwa kawaida ni yako, almradi yote yaliyoidhinishwa yaguswe.

Kuhusu usahihishaji, kazi za muhula ziwe za vikundi vya watu watano, na mtihani ubaki wa mtu mmoja mmoja. Andika mwongozo mfupi kabla ya kugusa karatasi: kwa swali lile la Tandahimba, alama tatu kwa kutambua nani ameachwa, mbili kwa kueleza jinsi hilo linavyopotosha majibu, tatu kwa njia mbadala, mbili kwa sababu za kuichagua. Soma kwanza karatasi chache bila kutoa alama, urekebishe mwongozo, ndipo uanze. Wape wanafunzi mwongozo wa aina hiyo mapema kwenye kazi za muhula, ili wajue unatafuta nini.

Kuhusu kujiendeleza wewe mwenyewe, semina ya siku moja haifundishi mtu kufundisha. Tafuta mwenzako mmoja, hata wa idara nyingine, mkubaliane kuingia kwenye vipindi vya kila mmoja. Anayekaa nyuma aandike kila baada ya dakika tano ni nani anayezungumza, na kila unapouliza swali ahesabu sekunde unazosubiri kabla ya kujijibu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule za Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri sekunde moja tu au pungufu, na waliposubiri tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yaliongezeka urefu na ubora. Zungumzeni siku hiyo hiyo, na maandishi hayo yasiende kwa mkuu wa idara. Yakigeuka kuwa tathmini ya kazi, kila mtu ataigiza.

Muhula huu badilisha usampulishaji na dodoso peke yake, mengine yaache yalivyo. Kabla hujatunga mtihani, kaa na wanaosimamia maandiko ya mwaka wa tatu, uwaombe wakuonyeshe sura za mbinu walizozirudisha kwa marekebisho. Makosa yanayojirudia humo ndiyo uyatungie maswali.