Mdogo wangu ni kiziwi, hospitali ikamwandika "hatoi ushirikiano"

Wakuu, nimenyamaza miaka, leo nasema.

Mdogo wangu ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimharibu masikio akiwa na miaka mitatu. Anasoma midomo vizuri, anaandika, na ni fundi cherehani mwenye wateja wake. Agosti 2021, UVIKO umepamba moto, akaanza kubanwa kifua. Saa mbili asubuhi nikamfikisha hospitali, jina nalihifadhi. Mlinzi akanizuia getini: mgonjwa anaingia peke yake. Nikamwambia huyu hasikii, mimi ndiye masikio yake. Akanijibu, "Utaratibu ni wa wote."

Wa wote! Ndani kila mtu kafunika mdomo. Barakoa silaumu, zilihitajika. Lakini kwa anayesoma midomo, hapo umemzimia taa. Mkalimani wa lugha ya alama hakuna. Hata ubao wa kuandikia namba ya anayefuata hakuna.

Alikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MIMI NI KIZIWI. NAOMBA UNIANDIKIE. Akaipitisha dirishani. Nesi akarudisha mkono nyuma, akamwashiria aiondoe, anaogopa virusi. Dakika chache kabla, mkono huo huo ulipokea noti ya elfu kumi ya kufungulia faili. Noti haina virusi, karatasi ya kiziwi inavyo?

Wakaita jina lake mara tatu. Angeinukaje? Faili likarudishwa chini ya mengine yote. Akakaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, akaanguka. Hapo ndipo wakampima oksijeni: asilimia 81, chini mno. Ndipo wakakimbia kumhudumia.

Alipona, namshukuru Mungu. Siku ya kuruhusiwa nikaliona faili kwa macho yangu: "Ameitwa mara tatu, hatoi ushirikiano." Yaani saa zote zile kosa limeandikwa lake! Angefia pale benchini, maneno hayo ndiyo yangebaki kuwa maelezo ya kifo chake.

Msiniambie ilikuwa dharura. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Tanzania tunayo tangu 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009. Ibara ya 25 ya mkataba huo inataka mwenye ulemavu ahudumiwe kwa kiwango kile kile cha wengine. Hakuna pahala palipoandikwa "isipokuwa wakati wa mlipuko".

Na kelele zinasaidia. Uingereza, Machi 2020, walitoa mwongozo wa nani apelekwe ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, wakitumia kipimo cha udhaifu ambacho kingemweka nyuma hata kijana mwenye usonji au ulemavu wa akili, kisa anahitaji kusaidiwa mambo ya kila siku. Familia zikaja juu. Mwongozo ulitoka tarehe 20, tarehe 25 ukarekebishwa. Siku tano! Mimi barua yangu kwa uongozi wa hospitali haijajibiwa hadi leo.

Kilichonirudisha hapa ni wiki iliyopita. Tumekwenda pale pale, safari hii jino. Barakoa hakuna, mlipuko hakuna, na dirishani bado wanaita majina kwa mdomo. Nilikuwa nyuma yake nikimgusa bega.

Mwenye ndugu kiziwi aliyepitia haya, aandike hapa chini. Na anayejua ngazi inayofuata baada ya uongozi wa hospitali kukaa kimya, anielekeze. Nakala ya ule ukurasa wa faili ninayo. Ile karatasi pia ninayo.