Fes au Marrakech: makumbusho ya kazi za mikono, nianzie wapi?

Randa_Kali
Wakuu habari za mchana. Mwezi ujao nina safari ya kikazi Casablanca, kikao kikiisha nabaki na siku tatu za kwangu mwenyewe. Mimi ni seremala, nimekulia kwenye karakana ya baba Unguja tukichonga milango, sasa kila mtu ananiambia Moroko mambo ya mbao ndo kwao. Niende Fes au Marrakech? Na hayo makumbusho yana kitu kweli au ni vyungu nyuma ya vioo na mlinzi anasinzia? Nauliza maana wife kashasema kama ni kuangalia milango si nikae Mji Mkongwe niangalie bure.

Mzee_wa_Dirisha
Fes mkuu, wala usiumize kichwa. Treni toka Casa ni kama masaa manne hivi. Ukiingia medina, yani mji wa kale, ulizia Nejjarine, maana yake maseremala, kwa hiyo ni kama umeenda kwa wajomba. Ni funduki ya karne ya 18, yani nyumba walikofikia wafanyabiashara, chini wanyama na mizigo juu vyumba vya kulala, wakaikarabati ikafunguliwa 1998 kama makumbusho ya kazi za mbao. Uani utakuta mizani kubwa ya kupimia mizigo ya enzi hizo.

Sasa panda juu. Zana za kazi, makasha, milango, na zile mbao za chuoni za watoto kuandikia Kurani, hapo nilisimama muda mrefu maana moja ilikuwa imelika pembeni kabisa, pale mkono wa mtoto ulipokuwa unashika. Maelezo ni Kiarabu na Kifaransa, mi Kifaransa sijui hata salamu, lakini mlinzi akaanza kunitajia vitu kwa kidole: sunduq, qufl, mismar. Sanduku, kufuli, msumari! Nikacheka peke yangu, tukamaliza ghorofa nzima hivyo hivyo. Mbao nyingi ni mwerezi wa milima ya Atlas. Halafu ukitoka pitia madrasa ya Bou Inania, ya karne ya 14, uangalie mwerezi uliochongwa pale ulivyokaa juu ya plasta na vigae, utaona aibu kujiita fundi hehe.

Zuu_Mvita
Na Marrakech je jamani, mbona mnaifanyia hivyo? Dar Si Said ni kasri la karne ya 19, tangu 2018 ni makumbusho ya ufumaji na mazulia, lakini wewe fundi mbao inua kichwa tu, dari zimepakwa rangi zote. Kisha bustani ya Majorelle ina makumbusho madogo ya Waamazigh (Waberberi), chumba cha vito ni giza na vioo, fedha tupu inang'aa. Kuna bizimu za pembetatu, kubwa kama kiganja, wanawake walifungia nguo mabegani. Tiketi nunua mtandaoni mapema, foleni yake si mchezo.

Kijana_wa_Kazi
Mi makumbusho hapana. Nenda Ain Nokbi, mtaa wa wafinyanzi hapo hapo Fes, ukaone watu wanafanya kazi. Fundi wa zellige, vile vigae vya rangi vya kupambia, amekaa chini na nyundo yenye makali, anakata kigae kimoja kimoja kwa mkono, alafu mwenzake anavipanga vikiwa vimelala kifudifudi, rangi iko chini, yeye anaona migongo tu, nyota nzima iko kichwani mwake, ndo wanamwaga plasta kwa nyuma. Pambo likigeuzwa hakuna kilichokosewa. Matanuru wanawasha kwa kokwa za zeituni, moshi mweusi balaa.

Mzee_wa_Dirisha
@Kijana_wa_Kazi aende ila aanze makumbusho. Mimi nilianza sokoni, nikauziwa kasha "la miaka mia", nikabeba mpaka hotelini kwa tabu, nimefika chumbani nafungua bawaba nakuta skurubu za kiwandani, kichwa cha nyota. Siku ya pili yake ndo niliingia Nejjarine nikaona misumari iliyofuliwa kwa mkono, hakuna kichwa kinachofanana na mwenzake, nikajua nimeshaliwa. Na mtu akikwambia njia imefungwa nifuate mimi, mshukuru uendelee mbele, njia haijafungwa.

Randa_Kali
Basi Fes siku mbili, Majorelle itasubiri, samahani dada Zuu. Hiyo ya kufuli na msumari nimemsomea baba kwa simu kacheka, anasema nikaangalie milango yao ina mfaa, ule mti wa katikati, kama wetu au haina. Picha wanaruhusu?

Mzee_wa_Dirisha
Mimi uani nilipiga, ndani walinikataza. Beba daftari na penseli, baba atataka vipimo.