Kutoka mapema kama Pogačar au kusubiri mlima kama Vingegaard, ipi inamfaa dogo wa kilo 58?

MwambaoUjiji:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu hapa Kigoma, miaka 19, kilo 58, amekua akibeba madumu ya mawese kwa baiskeli kutoka kijijini mpaka mjini kwaiyo pumzi anayo. Mwezi ujao anaingia mbio za kilomita 90, wanapanda vilima vya barabara ya Manyovu alafu wanageuza, wanamalizia kipande cha Mwandiga mpaka mjini. Tangu aangalie mashindano ya dunia ya Kigali 2025 hatulali humu ndani, anataka atoke mapema kundini aende peke yake kama Pogačar, yule Mslovenia aliyeshinda. Namwambia dogo, mbio ile ilikuwa kilomita 267.5, jamaa kachomoka Mlima Kigali zimebaki kama 104, kaziendesha peke yake 66 za mwisho na bado Evenepoel aliyeshika nafasi ya pili kaingia dakika 1 na sekunde 28 nyuma yake, uyo si wa kumuiga tu. Mi namuona dogo ni Vingegaard, yule Mdenmark aliyewahi kubeba Tour de France, mwepesi, asubiri mlima mrefu awaache hapo. Mnaonaje?

Mkaa_wa_Alfajiri:
Mkuu mi niko Tabora, huku milima hatuna ila upepo tunaujua. Kaa barabarani alfajiri uangalie wabeba mkaa wanavyoingia mjini, wanne watano wamefuatana gurudumu kwa gurudumu mpaka unadhani watagongana, wa mbele akichoka anasogea pembeni anarudi mkiani, hakuna kocha aliyewafundisha. Ukijificha nyuma ya mwenzako kwenye tambarare unaokoa kama theluthi ya nguvu. Mlimani spidi imeshuka kwaiyo faida iyo inapungua sana, ndo maana Pogačar anatokea kwenye kilima, pale kila mtu anabeba mzigo wake mwenyewe. Dogo akitoka kwenye tambarare kundi litamrudisha tu.

DadaKasulu:
Kaka samahani ila Vingegaard unamsoma nusu. Ile Tour de France ya 2022 siku ya mlima Granon hakukaa kusubiri, yeye na mwenzake wa timu Roglič walimshambulia Pogačar kwa zamu kule mlima Galibier, anatoka uyu, Pogačar anamfuata, akimfikia tu anatoka mwingine. Kufika Granon miguu ya Pogačar ikagoma, akapoteza karibu dakika 3 na jezi ya njano ya anayeongoza ikaondoka. Kwaiyo kusubiri kunataka watu kuliko kutoka peke yako, lazima awepo wa kumchosha mpinzani kabla. Dogo ana Roglič wake?

MwambaoUjiji:
Dada umenigusa, timu hana. Ana rafiki yake mmoja tu, pandikizi la mtu, kilo 78, anabeba mikungu ya ndizi. Kwenye kilima ni mzito ila kwenye lami iliyonyooka humshiki.

Spoku36:
Basi mbona mna silaha na hamjui! Mi ni fundi baiskeli, naangalia izi mbio kila mwaka, na kwangu mbinu bora ya miaka ya karibuni ni Giro 2025, zile mbio za Italia za wiki tatu, etapu (siku ya mbio) ya 20, mlima Finestre. Simon Yates yuko dakika 1 na sekunde 21 nyuma ya Del Toro mwenye jezi ya pinki ya anayeongoza. Yates anatoka, Del Toro na mpinzani mwingine, Carapaz, wanabaki kuangaliana, kila mmoja anataka mwenzake ndo afanye kazi ya kumfukuza. Kumbe Van Aert wa timu ya Yates alishatangulia na kundi la mapema, yuko ng'ambo ya mlima anamsubiri, akamvuta bondeni kama treni. Yates akabeba Giro kwa karibu dakika 4. Mlima ulimpa nafasi, ila lile bega la Van Aert kwenye upepo ndo lilifanya wasimuone tena.
Kwaiyo uyo wa ndizi atoke mwanzoni kabisa, hamna atakayemjali. Dogo atulie kundini mpaka kilima cha mwisho, avunje, wakutane juu, kuanzia Mwandiga zamu ya kuvuta ni ya rafiki.

DadaKasulu:
Hapo nakubali. Na asidanganyike kusubiri sprinti ya mwisho, iyo ni ya watu wenye mwili na nguvu kama Van der Poel, karibu kilo 75, aliyebeba mbio za Paris-Roubaix 2023, 2024 na 2025 kwenye barabara za mawe zisizo na mlima.

Mkaa_wa_Alfajiri:
Alafu chakula! Hata Pogačar nguvu zilimwishia mlima Col de la Loze kwenye Tour ya 2023, kaingia karibu dakika 6 nyuma ya Vingegaard. Wale wanakula gramu 90 mpaka 120 za wanga kila saa. Dogo awe na ndizi mbivu mfukoni, chupa ya maji yenye asali na chumvi kidogo, na aanze kula nusu saa ya kwanza wakati bado hana njaa, akisubiri njaa kaisha.

MwambaoUjiji:
Nimemsomea yote, kanyamaza, alafu kachukua simu kampigia rafiki yake. Jumamosi tunaenda kujaribu kile kilima, mi nitakaa juu na saa. Fundi niambie, kwenye kilima kikali kuanzia chini akae gia gani? Na we wa Tabora, ukipata mtu wa treni nitumie lita moja ya asali.